Koti Moja la Wilaya Nzima

Kwanza tuelewane: kisheria mimi sipo. Nina goti linalouma mvua ikikaribia na nina kuku wanne wasionisikia, lakini kwenye daftari la serikali sipo, na mtu asiyekuwepo hawezi kushtakiwa kwa uongo. Kwa hiyo yote nitakayokwambia hapa ni kweli.

Nchi yenyewe siitaji. Ukiitafuta kwenye ramani utaiona, ila ramani zake zilichorwa upya na Taasisi, na siku hizi inaonekana kubwa kuliko bara lililoibeba.

Taasisi ninayoisema ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti na Uzalishaji wa Picha. Kila Januari ilikuwa inapokea kutoka juu kitu kinachoitwa Mwelekeo wa Utafiti wa Mwaka. Ulikuja katika bahasha mbili. Bahasha ndogo ilikuwa na swali, bahasha kubwa ilikuwa na jibu, na kazi ya watafiti ilikuwa kutembea kutoka ndogo kwenda kubwa bila kupotea njiani. Waliopotea hatukuwaona tena.

Mwaka wa Tabasamu, kwa mfano, watafiti walipima midomo ya wananchi kwenye picha kwa rula, wakagundua kwamba furaha ya taifa imeongezeka kwa milimita mbili. Waliokuwa wamepigwa picha wakilia nao walihesabiwa, maana mtu akilia sawasawa mdomo hupanuka. Mwaka uliofuata ukawa wa Miundombinu. Taasisi ikaagiza kutoka ng'ambo mashine inayozalisha picha za vitu visivyokuwepo, ikazalisha daraja la mto Kimeza, zuri, lina taa pande zote, na picha yake ikasimamishwa ukingoni, kubwa kama nyumba. Siku ya uzinduzi watu kumi na mmoja walivuka kwa daraja hilo. Taasisi haikuwatupa. Ilizalisha picha nyingine ikiwaonyesha wote kumi na mmoja wako ng'ambo, wamekauka, wanapunga mikono, na kila mjane akapewa nakala yake.

Basi hao ndio wasomi wetu. Sasa nikupeleke kwa fundi.

*

Wilayani kwetu picha za watu waliokuwepo zilipigwa na mtu mmoja tu, Fundi Bilali Mkwiche. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na mashine ya kusaga, ndiyo maana sote kwenye vitambulisho tuna nyusi nyeupe za unga. Yeye alikaa nyuma ya kamera. Mkewe, Bi Siajabu, ndiye aliyepanga watu kwenye kigoda: wewe futa pua, wewe toa huo msuaki mdomoni. Kila mteja alipokaa sawa Bi Siajabu alimwambia maneno yale yale:

"Inua kidevu. Usicheke. Serikali haipendi kuona meno yasiyo yake."

Shida ilianza na Waraka Namba Tisa. Waraka ulisema mwombaji wa kitambulisho apigwe picha akiwa amevaa koti. Haukusema mwanamume wala mwanamke, haukusema kama kuna joto. Wilayani kwetu joto linakaanga yai juu ya bati, na mtu pekee aliyewahi kuwa na koti alikuwa hakimu, naye alihamishwa akaondoka nalo. Fundi Bilali akaenda mnadani, akafumua robota la mitumba, akapata koti moja la kijivu lililoshonwa kwa mtu mnene wa nchi ya baridi.

Ukimvalisha mtu wa kwetu, koti lile lilimmeza. Bi Siajabu akawa analivuta kwa nyuma na kulibana kwa vibanio vya kuanikia nguo mpaka likae mwilini. Mtu wa kawaida alikwenda na vibanio vinne, mkulima wa pamba sita, mwalimu wa shule ya msingi saba. Mama mjamzito hakuhitaji hata kimoja. Ukituona kwa mbele sote tulikuwa mabwana shauri. Kwa nyuma tulikuwa kamba ya nguo. Wote tulivaa: askari, mashehe, mapadri, bibi vizee juu ya kanga zao. Hata marehemu Mzee Ngakonda alivalishwa, kwa sababu alikata roho akiwa kwenye foleni, na bila kitambulisho makaburini hawakupokei. Alitoka vizuri kuliko wengi. Hakutikisika.

Koti lilikuwa na kasoro moja. Juu ya mfuko wa kifua, upande wa kushoto, lilikuwa na doa la wino kama punje ya haragwe. Lilikuwepo tangu wiki ya kwanza, na Bi Siajabu alilisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, likakataa kutoka.

Kwa miaka thelathini na miwili watu elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na wawili walilivaa koti lile, kila mmoja dakika nne. Wilaya nzima alibaki mtu mmoja ambaye hakupigwa: Fundi mwenyewe. Mkewe alimwambia mara nyingi, kaa basi na wewe nikufyatulie. Akawa anajibu kwamba foleni haijaisha. Wala hakuna askari aliyewahi kumwuliza kitambulisho, maana vyao alivipiga yeye.

*

Ndipo ukaja Mwaka wa Mavazi na Mitandao.

Taasisi wakati huo ilikuwa chini ya Profesa Daktari Mhandisi Lukumbo Ndelwa, msomi aliyepata shahada zake tatu kwa utafiti mmoja juu ya kivuli cha pua. Bahasha ndogo ilimwuliza: je, mavazi ya wananchi kwenye picha yanaashiria mtandao wowote wa siri? Bahasha kubwa ilijibu: ndiyo, mmoja, mkubwa, watu wake wanyongwe. Profesa akawafungia watafiti wake ndani na picha za nchi nzima na kioo cha kukuzia. Siku ya tano mmoja alitoka amepauka.

Profesa aliutangazia umma kupitia redio, na sisi tulimsikiliza tukiwa tumekaa kwenye mashine ya kusaga, tukimsifu kwa Kiswahili chake.

"Ndugu wananchi, sayansi haina shemeji," alisema. "Katika wilaya moja ya nchi yetu tumegundua watu elfu arobaini na moja na ushei wenye koti la aina moja, la rangi moja, lenye doa moja, mahali pamoja. Tumekokotoa uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati, na kikokotoo kimezimika. Hiyo ni sare. Na penye sare kuna jeshi."

Tulitazamana. Mmoja wetu akasema watu gani hao, washenzi sana. Hakuna aliyefikiri koti letu, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba yeye hana koti.

Kesho yake malori yalikuja. Nyumba zote zilipekuliwa yatafutwe makoti elfu arobaini na moja, lisionekane hata moja, na huo ukaandikwa kuwa ushahidi wa jinsi tulivyokuwa hodari wa kuficha. Gereza lilijaa kufikia saa tatu asubuhi, tukapelekwa kiwanja cha mpira. Askari waliotukamata nao walikuwa na picha zile zile, kwa hiyo walipotumaliza sisi walikamatana wao kwa wao. Wa mwisho alijifunga pingu mwenyewe na kuumeza ufunguo. Alipewa cheti cha uaminifu akiwa humo humo ndani.

Bi Siajabu alichukuliwa studio, ana kibanio kimoja mdomoni na mteja nusu kabanwa. Vibanio vyote vilikwenda naye kama vielelezo. Koti lilimdondoka mteja likabaki sakafuni, maana askari walikuwa wanatafuta makoti elfu arobaini na moja, si moja.

Fundi Bilali peke yake ndiye aliyebaki wilayani, kwa vile hakuwa na picha, na mtu asiyekuwa na picha Taasisi haikuwa na jinsi ya kumshuku. Alizunguka mjini siku mbili akiwafungulia watu mbuzi wao waliosahaulika na kamba shingoni. Siku ya tatu alilifunga koti kwenye gazeti, akapanda lori la mkaa, akaenda makao makuu kwa hiari yake, akiamini kabisa kwamba wakiliona tu mambo yataisha na mkewe atarudi nyumbani.

*

Profesa alilipokea koti kwa vidole viwili.

"Moja tu?"

"Moja tu, mheshimiwa. Wanaazima. Ananivulia huyu, namvalisha huyu."

Profesa akavua miwani. Inasemekana alikuwa na huruma ndani ya macho, ila ilikuwa ya mtu mwingine. "Mzee Bilali, mimi nimesoma nje. Unataka niandike kwamba wananchi wa nchi inayojitegemea, watu elfu arobaini, wanaazimana koti?"

"Ndivyo ilivyo, mheshimiwa."

"Sikuulizi ilivyo. Nakuuliza niandike nini."

Profesa akamweleza kwa upole kwamba muda umekwenda. Hukumu ingesomwa Ijumaa mbele ya Baraza la Picha, na Mtukufu Mlezi wa Taifa angekuwepo. Akamwonyesha na picha za kunyongwa kwetu, maana mashine ilikwisha kuzizalisha ili magazeti yasichelewe. Tulikuwa tumepangwa safu kwa safu, wengi wetu tunatabasamu. Fundi akazipekua haraka kama anayepekua karata, mpaka akamwona Siajabu. Walikuwa wamempa meno ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Akarudi nyumbani kwa lori lile lile. Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe wa biskuti ambao kwa miaka thelathini na miwili mkewe alimsihi autie moto. Ndani yake kulikuwa na filamu moja, ile asili ambayo uso huwa mweusi na nywele huwa nyeupe.

*

Hapa lazima nikueleze juu ya Picha Kuu. Kila ofisi nchini, kila duka, kila banda la kunyolea lilikuwa na picha ya Mtukufu Mlezi, ile ya ujanani, amevaa koti la kijivu, kidevu juu, na kifuani upande wa kushoto ana nishani pana kama kisahani. Watoto waliiimba nishani ile shuleni. Hakuna aliyejua aliipata vita gani, na waliouliza walipelekwa wakaione hiyo vita.

Ijumaa, Baraza lilipokwisha kukaa, Fundi Bilali aliomba kusema, na kwa vile Profesa alidhani anakuja kuomba msamaha, akaruhusiwa. Haya nimeyapata kwa mpishi wa chai wa Baraza, ambaye naye siku hizi hayupo. Fundi alikwenda dirishani, akaishika filamu kwenye mwanga.

"Huyu ni koplo mmoja alikuja kwangu wiki ya kwanza ya koti," alisema. "Alikuwa analinda ghala la mahindi. Hakujua kuandika, kwa hiyo fomu aliitia dole gumba. Wino ulipombakia kidoleni, akaufuta hapa kifuani. Ndilo hilo doa. Na hapa chini ya kwapa panaonekana kibanio. Alikwenda na vinane. Alikuwa amekonda sana, maskini."

Mpishi wa chai anasema lile neno la mwisho lilianguka ukumbini kama sufuria. Mawaziri walifumba macho ili wasiwe wameona. Mmoja alianza kutafuna ajenda. Profesa Daktari Mhandisi alitazama filamu, akatazama Picha Kuu ukutani, akatazama nishani, na kwa mara ya kwanza maishani akaona kitu kwenye picha bila kupelekewa bahasha. Hakufurahia. Aliomba kiti, na alikuwa amekaa tayari.

Mtukufu Mlezi aliomba aletewe koti. Akalinusa kwenye kola, ambako tulikuwepo sote. Akatoa chozi kwa jicho la kushoto, lile linaloelekea kamera.

"Dole hili ni langu," alisema. "Na kwa sheria za nchi hii kitu kilichotiwa dole ni cha aliyetia dole. Kwa hiyo hili ni koti langu. Nimelitafuta miaka thelathini na miwili." Akawageukia Baraza. "Na kumbe watu elfu arobaini wamekuwa wakilivaa bila kuniomba."

Walipiga makofi mpaka mmoja akavunjika kidole. Mtandao ukafutwa pale pale kwenye ripoti, pakaandikwa Uvaaji wa Mavazi Matukufu Bila Kibali. Adhabu haikubadilika, ili wasirudie kuzalisha picha za wanyongwa. Koti likapelekwa Makumbusho, likawekwa ndani ya kioo, pamoja na feni na askari wawili. Kisha Mtukufu akamnong'oneza jaji kwamba yule mzee aliyetaja vibanio vinane atangulie yeye.

Jaji akafungua jalada la Fundi Bilali akakuta halina kitu. Sheria yetu, sifa zake ziendelee, hairuhusu mtu kunyongwa bila picha kwenye jalada, asije akanyongwa mwingine. Ilishatokea mara nyingi. Na kitambulisho, kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, huombwa kwa hiari. Mtukufu anaweza kumfanya mtu yeyote lolote, ila hawezi kujaza fomu kwa niaba yake, na sababu yake ni kwamba hajui kuandika.

Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa salama katika nchi nzima alikuwa yule aliyekuwa akisema foleni haijaisha.

*

Profesa akamfuata kwenye benchi la nje, akakaa karibu naye kama mkwe.

"Ukiomba kitambulisho, hakuna atakayenyongwa kiwanjani. Wote wataachiwa. Nimepewa ruhusa ya kukuahidi."

"Na Siajabu?"

"Na yeye."

"Nisipoomba?"

"Utaishi miaka mingi sana, mzee wangu. Utakuwa na wilaya nzima peke yako."

Fundi alitazama mikono yake, akasema alete fomu.

Picha ilipangwa kupigwa Makumbusho, na Taasisi ilikuja na mashine yake, na nyaya, na watafiti kumi na wanane. Wakamkalisha. Mashine ikamtoa akiwa na daraja nyuma yake. Wakaifuta, ikamtoa mnene, ana mikono mitatu. Mara ya tatu ikamtoa akiwa Mtukufu, wakaichoma na kuitana mashahidi kwamba hawakuiona. Miaka ishirini ya utafiti, na katika wale wote hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kupiga picha ya mtu aliyekaa mbele yake. Ikabidi aitwe Bi Siajabu kutoka kiwanjani, na kamera ya zamani, na vibanio, ambavyo alitia sahihi kuvipokea.

Koti lilitolewa kwenye kioo kwa dakika nne.

Alimvalisha. Akaanza kubana mgongoni, akihesabu kwa pumzi. Alipofika mwisho alisema, "Umekonda, baba Subira. Tisa."

"Kumbe linawasha hivi," Fundi akasema. "Miaka yote, hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Walikuwa wanataka vitambulisho."

"Siajabu."

"Tulia, unalegeza vibanio."

Akaenda nyuma ya kamera. Alijua fomu ile ni ya nini. Wote tulijua, kiwanja kizima. Alifuta lenzi kwa ncha ya kanga mara ya kwanza, akaifuta mara ya pili, akaifuta mara ya tatu, na mtafiti mmoja akatazama saa akamkumbusha kwamba koti lina ratiba.

"Inua kidevu," akasema. "Usicheke."

"Sicheki."

"Serikali haipendi..." Hakumalizia. Akafyatua.

*

Ahadi ilitekelezwa, tusimsingizie mtu. Alasiri ile ile vitambulisho vyote elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na viwili vilifutwa, kwa kuwa vilikuwa na picha za koti la Mtukufu. Mtu asiyekuwa na kitambulisho hayupo, na mkuu wa gereza hana bajeti ya kulisha wasiokuwepo, kwa hiyo milango ya kiwanja ilifunguliwa na tukaambiwa tutoke, ingawa waliotuambia walikuwa wanatazama pembeni.

Tangu hapo tunaendelea vizuri. Hospitali haitupokei, lakini pia takwimu za vifo wilayani zimeshuka hadi sifuri, na Taasisi imetoa chati. Watoto wanazaliwa na watu wasiokuwepo. Tunaweza kuomba vitambulisho vipya wakati wowote, masharti ni yale yale: picha, na ndani ya picha, koti. Koti liko kwenye kioo. Ukiingia Makumbusho unaweza kuliona, ukiwa na kitambulisho.

Kitambulisho cha Fundi Bilali kilitoka Jumanne. Alinyongwa Jumatano. Alizikwa kwenye makaburi ya serikali bila usumbufu wowote, kwa sababu karatasi zake zilikuwa kamili. Bi Siajabu alisimama nje ya uzio, maana yeye hakuwa nazo.

Mwezi wa kumi kulikuwa na uchaguzi. Daftari la wapiga kura wilayani kwetu lilikuwa na jina moja, na mwenye jina hakuwahi kufutwa, kwa vile ofisi inayofuta marehemu nayo iko wilayani kwetu na wafanyakazi wake hawapo. Waliojitokeza walikuwa asilimia mia moja. Mtukufu Mlezi alipata kura zote. Gazeti la serikali lilichapisha picha ya mpiga kura wetu ukurasa wa mbele, na hata mimi nilikiri kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kamera ile. Kidevu kiko juu, nyusi hazina unga, koti limemkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Vibanio havionekani.